Darasa la mapishi: nililipa ada ili nichekwe

Miezi kadhaa iliyopita nilijiandikisha katika darasa la mapishi la Jumamosi hapa Dar es Salaam, kwa kuwa lilitangazwa kuwa ni la watu ambao hawajawahi kuinjika sufuria. Usafi wa jiko na vifaa havina neno, kwa hiyo nitazungumzia wali wa nazi tu.

Siku hiyo tulikuna nazi, tukakamua tui zito na kuliweka kando, kisha tukayakamua tena machicha kwa maji ya vuguvugu ili kupata tui jepesi. Nilipouliza ni tui kiasi gani lingetosha mchele uliokuwa mbele yangu, mwalimu alijibu, "Kadiria." Nikamuuliza nikadirie kwa kipimo gani. Akawageukia wenzangu, akasema kwa sauti, "Jamani, huyu kaka kwao hakuna wanawake?" Darasa zima likaangua kicheko, naye akahamia jiko la pili kana kwamba nimekwisha kujibiwa. Wali wangu ukatoka bokoboko.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo, tena fupi. Muuza mchele wa soko la Tandale, ambaye hakunidai hata senti kwa somo lake, aliniuliza kwanza kama mchele wangu ni mpya au umekaa ghalani, kwa sababu mpya hunywa maji machache na uliokaa hunywa mengi. Akaniambia nianze na vikombe 3 vya tui kwa vikombe 2 vya mchele mpya, na ukiwa wa zamani niongeze kidogo kidogo. Mpishi mzoefu hukadiria kwa sababu mkono wake umekwisha kuzoea. Sisi tuliolipa ada kwa kukosa mazoea hayo tukadirie kwa kutumia nini?

Haki yake nampa: kupalia alitufundisha vizuri mno. Alitusimamia mmoja mmoja tungoje tui likaribie kukauka, tupunguze makaa ya chini, tupange mengine juu ya kifuniko, wala tusifunuefunue. Kwa somo hilo peke yake nilikusudia kuwapa nyota 3, na pengine kumshauri mdogo wangu ajiandikishe. Lakini wiki iliyofuata kijana mmoja aliuliza kiasi cha chumvi ya maharage, akatupiwa mzaha uleule mbele ya watu, na tangu hapo hakufungua tena kinywa. Kwa hiyo nyota ni 1, nayo ni ya makaa.

Anayetaka kwenda aende, ila kabla ya kulipa aombe aonyeshwe vikombe vya kupimia. Mimi nilipekua kabati zote za jiko lile, sikukiona hata kimoja.