Nguo za kayaki kwenye maji ya baridi: ipi ununue kwanza

Kama umekulia Tanga au Mombasa, bahari hujawahi kuiogopa kwa sababu ya baridi, kule maji ni nyuzi 25 na kuendelea, unaogelea mpaka vidole vinakunjamana. Huku Seattle, maji ya Puget Sound, ghuba ya bahari iliyo mbele ya mji, ni kama nyuzi 8 mpaka 13 hivi mwaka mzima, na kinachoponza watu ni jua. Mimi nilipinduka na kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, pale ufukwe wa Alki mwezi wa tano, jua linawaka, watu wako na kaptula, nami nina jinzi na tisheti ya pamba. Kuogelea najua tangu mtoto lakini pumzi ilikatika palepale, kifua kinavuta hewa chenyewe bila mimi kutaka, nikashindwa hata kumwita mwenzangu. Laifujaketi ndo iliniweka juu.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 mikono bado inakutii, saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha. Sasa nguo unayoinunua ndo inaongeza hizo dakika, kwahiyo chagua kwa kuangalia baridi ya maji, hali ya hewa ya nje isikudanganye.

Namba moja ni draisuti, na kwa maji ya huku sioni ya kushindana nayo. Ni ovaroli isiyopitisha maji, shingoni na mikononi ina mipira ya lateksi inayobana, miguuni ina soksi zake, unabaki mkavu kabisa. Ila yenyewe haina joto, joto linatoka kwenye unachovaa ndani, flisi (kile kitambaa chepesi chenye manyoya) au sufi, pamba usiguse kabisa. Kokatat na NRS ndo majina ya kampuni utakayokutana nayo sana, na mpya nzuri inavuka dola elfu moja kirahisi. Chukua ya kitambaa kinachoruhusu jasho kutoka maana ukilowa kwa ndani baridi itakupata vilevile, na uchukue yenye zipu ya haja ndogo, hapa msibane hela jamani, masaa manne majini ni mengi. Ukishaivaa chuchumaa, vuta mpira wa shingoni kidogo kwa kidole hewa itoke pyuuu, usipofanya hivyo ukianguka unakuwa puto.

Bei imekushinda? Tafuta mtumba, wala usione aibu. Vuta ile lateksi taratibu uangalie kwa karibu, ikionyesha vimistari kama ardhi iliyopasuka ujue imeisha, lakini hiyo inabadilishwa, usikimbie. Zipu kubwa ndo ya kuogopa, kuibadilisha ni gharama. Geuza suti nje ndani, mimina maji mguuni, subiri dakika chache uone panapotokeza matone.

Namba mbili ni semidrai, inafanana na draisuti ila shingoni ni neoprini (mpira laini kama sponji) badala ya lateksi, haikukabi, bei inapungua kidogo, maji yanapenya kidogo ukizama. Kwa mtu anayekaa karibu na ufukwe inafaa.

Namba tatu ni wetsuti, suti ya neoprini inayobana mwili, isiyo na mikono, unene milimita 3, juu yake jaketi la kuzuia maji na upepo. Hapa ndo wengi tunaanzia, dola mia mbili tatu unakuwa umevaa. Inakupa muda, ila utalowa, na ukishatoka majini upepo unakumaliza. Na usiazime wetsuti ya mikono mirefu ya wanaosurf ukadhani umeokoa hela, kupiga kasia ni mabega muda wote, kwapani itakuchubua na mikono itachoka mapema. Miezi ya baridi, kama nina hii wetsuti tu, mimi nabaki nchi kavu, na ningeomba na wewe ufanye hivyo.

Jaketi la mvua na suruali ya mazoezi siwezi kuyapa hata namba.

Halafu vitu vya miguu, mikono na kichwa: viatu vya neoprini, glavu na kofia ya neoprini inayofunika masikio. Glavu zijaribu dukani ukiwa umeshika kasia kabisa, nene sana zinachosha vidole. Laifujaketi inavaliwa juu ya yote na inafungwa, sio kuiweka nyuma ya kiti.

Ukishanunua usikimbilie safari. Nenda na mwenzako sehemu ya maji ya kiunoni, ingia na nguo zote, lala chali dakika 5, kisha jaribu kufungua na kufunga bako (kifungio) ya laifujaketi kwa vidole vilivyopoa. Vikigoma, rudi ukaongeze flisi au ubadili glavu kabla hujaenda mbali na ufukwe.