Tochi ya shilingi 45,000 iliyoniacha gizani Mikindani

Tangu nianze kuwasindikiza wageni chini ya maji hapa Mikindani nimekwisha nunua tochi tatu za kuzamia za bei ndogo, zote za LED. Ningependa kuzizungumzia kwa utulivu, lakini sitaweza, kwa sababu ile ya pili damu hunichemka kila ninapoiona juu ya rafu.

Maelezo yaliyo kwenye boksi mtu yeyote anaweza kuyasoma mwenyewe, hivyo sitayarudia isipokuwa moja: boksi liliandikwa kwamba haiingii maji hadi kina cha mita 100. Muuzaji naye aliitamka kwa kinywa chake mara mbili, mbele ya mteja mwingine, katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Mtwara. Nilimweleza waziwazi kwamba sitafuti tochi ya kuendea chooni umeme ukikatika, bali ya kushuka nayo baharini usiku nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni na watu wanaonitegemea. Akanijibu, "Kaka, hii ndiyo yenyewe. Wazamiaji wote wanachukua kwangu." Nikalipa 45,000 na kumshukuru.

Nilishuka nayo mara ya kwanza mwishoni mwa kaskazi, usiku wa maji mafu, bahari imetulia kabisa. Tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu wa kazi ambaye sote humwita Mjomba, tukikagua njia ambayo tungewapitisha wageni siku zilizofuata. Haki yake nitaipa: kwa dakika za mwanzo mwanga wake ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Mchana, ukishapita mita kama 10, wekundu wote humezwa na maji na matumbawe hubaki na rangi moja ya kibuluu iliyofifia. Lakini usiku, ukiyamulika kwa karibu, wekundu na rangi ya chungwa hurudi mbele ya macho yako kana kwamba mtu amepaka rangi muda uleule. Nilimwona kamba koche amejibana kwenye ufa wa jiwe, mapembe yake marefu yakitikisika taratibu, na nikajisemea kwamba fedha yangu haikupotea.

Tukiwa kama mita 14, tochi ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe kwa kasi, nami sikuwa nimeigusa swichi. Swichi ya tochi ile iko nyuma, chini ya kofia ya mpira laini. Nchi kavu kofia hiyo haina shida yoyote, lakini kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo kwenye mita 14 mpira ule ulikuwa ukikandamizwa kwa nguvu ya karibu mara mbili na nusu ya ile ya ufukweni, wakati ndani ya tochi kulikuwa na hewa ileile niliyoifungia botini. Mpira ukasukumwa ndani, ukaibonyeza swichi, na tochi ikaanza kubadilisha mitindo yake ya kuwaka kama iliyopagawa. Nilipoigeuza niitazame, niliona nyuma ya kioo mstari wa maji, mwembamba kama uzi, ukiyumba huku na huku kila nilipoinamisha mkono. Mwanga ukageuka manjano, ukafifia kama kaa linalokufa, ukazimika.

Mjomba alikuwa mbele yangu hatua chache. Alipogeuka na kuona giza mahali nilipokuwa, alichora duara kwa mwanga wa tochi yake, ambayo ni alama yetu ya kuuliza kama mambo ni salama. Alama hiyo hujibiwa kwa mwanga, na mimi sikuwa na mwanga wa kumjibia. Akachora tena. Niliogelea kuufuata ule mwanga na kuingiza mkono wangu ndani yake, ndipo akanishika, tukapanda pamoja polepole. Tochi ya akiba nilikuwa nimeiacha botini kwa sababu niliiamini mpya. Hilo ni kosa langu na nalikiri, kwani anayezamia usiku hushuka na mbili. Lakini kosa langu halifuti uongo wa mtu mwingine.

Tulipofika ufukweni nikaifungua, nimeuelekeza mkia wake upande wa baharini. Niliichukua tahadhari hiyo kwa sababu betri ya lithiamu ikiingiliwa na maji ya chumvi hutoa gesi, na gesi iliyofungiwa ndani ya bomba la alumini inaweza kukurushia kifuniko usoni. Ilitoa mlio wa "sss", yakafuata maji ya rangi ya kutu yenye harufu kali. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kupita kwenye maungio, ilikuwa moja tu, nyembamba kama tambi, imekaa chini ndani ya mfereji wake kiasi kwamba haikugusa ukuta wa upande wa pili sawasawa, na haikuwa na hata alama ya grisi ya silikoni isipokuwa ile niliyoipaka mwenyewe.

Nilirudi dukani nikiwa na boksi, risiti na tochi yenyewe. Sikwenda kugombana, nilitaka kubadilishiwa tu. Muuzaji hakuishika hata kwa kidole. Aliitazama kwa mbali, akaendelea na simu yake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na duka zima, "Kijana, imeandikwa haiingii maji, haijaandikwa uende nayo kwa majini." Watu wakacheka. Nilipomwonyesha zile mita 100 kwenye boksi, akasema nimeifungua kwenye mchanga, na kwamba wenye akili zao huzamia mchana. Akamalizia kwa kidole, akinielekeza kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Asubuhi ile ile aliyoniuzia nilikuwa kaka. Siku ya kurudi nimekuwa kijana asiye na akili.

Kwa muda mrefu, kila aliyeniuliza nilimjibu neno moja: usinunue tochi ya kuzamia ya bei ndogo, afadhali ukazamie mchana mpaka upate fedha ya ile ya laki kadhaa. Sasa siwezi kulisema hivyo bila kuwa mwongo mimi mwenyewe, kwa sababu tochi yangu ya tatu niliagiza Kariakoo kupitia kwa dereva wa basi kwa shilingi 60,000 tu, na imekwisha maliza kusi nzima pamoja nami bila kuingiza tone. Tofauti yake kubwa ni swichi. Hii huwashwa kwa pete yenye sumaku inayozungushwa kwa nje, na sumaku hufanya kazi kupitia ukuta wa alumini, kwa hiyo hakuna tundu la kupitisha maji wala mpira wa kubonyezwa na bahari. Oringi zake ni mbili. Boriti ya mwanga wake ni nyembamba, na wakati wa kusi, maji yakichafuka, hilo ni jambo jema, maana mwanga mpana humulika vumbi lote lililo mbele yako ukabaki unatazama ukungu.

Na hii sikuiamini kwa maneno ya mtu. Niliitoa betri, nikajaza karatasi ya chooni ndani, nikaifunga, nikaiweka kwenye wavu pamoja na jiwe, nikaishusha kwa kamba mita 25 kutoka kwenye ngalawa na kuiacha humo nusu saa. Karatasi ilipotoka kavu, ndipo nikaweka betri. Jaribio hilo halikunigharimu chochote, na ningelifanya kwa ile ya pili nisingekuwa na mambo haya ya kuandika.

Hata hivyo, naona nimeanza kuwa mpole kupita kiasi. Hata hii nzuri ilikuja na betri iliyoandikwa kwamba hubeba chaji ya miliampea-saa 9,900, wakati betri ya umbo lile, milimita 18 kwa 65, ikiwa ya kweli hubeba 3,500 hivi. Kwa nini mtu adanganye hata pale ambapo bidhaa yake ni njema? Betri ile niliitupa, nikatumia nyingine, na nikajikuta nimekasirika upya dhidi ya mtengenezaji ambaye hajanikosea.

Hivi karibuni nilipita kwenye lile duka. Tochi ileile imetundikwa palepale, na mita 100 zake. Kijana mmoja mvuvi wa pweza kutoka Msimbati alikuwa ameishika akiipima uzito. Sikuweza kunyamaza, nilimwambia mbele ya mwenye duka kwamba tochi hiyo ilizimika mkononi mwangu chini ya maji. Kijana akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Mimi sizamii, mjomba. Naitaka ya kutembelea mwambani usiku, bamvua maji yakipwa. Maji yenyewe hayapiti magoti." Kwa kazi hiyo sikuwa na neno la kumzuia, kwa kuwa inawaka vizuri. Aliilipia, naye muuzaji akanitazama akitabasamu wakati akihesabu chenji. Nilimfuata kijana hadi nje na kumwomba kwamba ndugu yake yeyote anayeshuka kilindini asije akaiazima.