Choya au kitunguu saumu kwa mwenye presha ya kupanda

Kati ya hivi viwili, tungeanza na choya (rosela), kwa sababu kipimo chake ni rahisi kukishika. Kinachotumika ni yale maganda mekundu yaliyokaushwa. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 6 hadi 10, chuja. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6 walishuka kama pointi 7 kwenye namba ya juu ya presha. Kinachoharibu ni sukari: juisi ya choya ya mtaani ni tamu mno, na wengi wenye presha wana kisukari pia. Mjamzito asinywe. Anayetumia vidonge vya kukojoza amuulize daktari kwanza.

Kitunguu saumu nacho hushusha kidogo, ila kina masharti. Ponda punje 1 au 2, uache dakika 10 ndipo ule au upike; ukikitia kizima kwenye mafuta ya moto, ile kemikali inayotakiwa haitengenezwi. Kinafanya damu isigande haraka, hivyo ni hatari kwa anayemeza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au anayesubiri upasuaji. Tumbo lenye vidonda hulalamika.

Vidonge vya hospitali usiviache kwa ajili ya chochote kati ya hivi. Pima asubuhi, umekaa dakika 5, uandike. Ikisoma 180/120 pamoja na maumivu ya kifua au kuona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.