Uzoefu wangu: Kuijua New Orleans kupitia redio ya WWOZ

Nilipokuwa nikijiandaa kwa safari ya New Orleans, nilianza kuisikiliza WWOZ kwa njia ya intaneti, kituo cha jamii kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1980 katika masafa ya 90.7 FM na ambacho watangazaji wake wa muziki ni watu wa kujitolea. Kitabu cha watalii nilichokuwa nacho kilinieleza mahali pa kwenda. Redio ilinieleza siku ya kwenda, na katika jiji lile siku ina uzito kuliko mtaa.

Kwa mfano, Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali. Desturi hiyo ina asili yake katika zama ambazo Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, ambapo maharage yaliyolowekwa usiku yaliinjikwa asubuhi pamoja na mfupa wa nguruwe uliobaki kwenye mlo wa Jumapili, yakaachwa yachemke taratibu huku mpishi akiendelea na nguo zake, mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe. (Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani hata pasipo mfupa huwa kuna soseji.)

Jumapili nayo, isipokuwa katika miezi ya joto kali, ni siku ya maandamano ya second line, yanayoandaliwa na vyama vya kusaidiana vya Wamarekani Weusi: chama na bendi yake ya tarumbeta hutangulia, na yeyote apendaye hufuata nyuma akicheza. WWOZ hutoa taarifa za njia ya msafara na vituo vyake, na ni kwa kuzifuata nilipojikuta nikila nyama iliyochomwa nyuma ya pikapu, chakula ambacho kitabu changu hakikukitaja hata kwa mstari mmoja.

Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni Livewire, orodha ya maonyesho ya siku hiyo, ambayo mtangazaji huisoma kila baada ya saa mbili: jina la ukumbi, jina la mwanamuziki, saa ya kuanza, basi. Mgeni atahitaji ramani mkononi, maana mitaa kama Tremé na Bywater hutajwa kana kwamba kila msikilizaji amezaliwa huko. Sikuona hilo kuwa kasoro. Redio inayozungumza na wenyeji ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Hata hivyo, anayetaka mazungumzo marefu juu ya vyakula asitegemee WWOZ peke yake, kwa kuwa muziki ndiyo kazi yake na chakula hutajwa kwa kupita. Mimi niliongezea kipindi cha Louisiana Eats! cha Poppy Tooker, kinachosikika kwenye kituo kingine cha jiji hilo, WWNO 89.9 FM, ambacho huwahoji wapishi na wakulima kwa utulivu. Msikilizaji ajiandae pia kwa majuma ya uchangishaji, kwa sababu redio za namna hii huishi kwa michango ya wasikilizaji, na maombi hayo hukata muziki mara kwa mara.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, saa sita mchana ya New Orleans huwa saa tatu usiku kwetu wakati wa majira yao ya baridi, na saa mbili usiku wanaposogeza saa zao mbele, kwa hiyo vipindi vyao vya mchana hutufikia baada ya chakula cha jioni.