TAHADHARI: nimepigwa mchana kweupe kwenye feni ya AC, maduka ya spea Gerezani, Dar

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Laki na ishirini imekwenda, na mnaonijua mnajua mwezi huu ulivyokuwa.

Ile feni ya ndani ya gari langu, IST, iligoma kabisa. Fundi akaichomoa kule chini ya dashibodi upande wa abiria, akasema mota imekufa, nenda Gerezani katafute ya mtumba ya Japani. Nikaenda na ile mbovu kwenye mfuko.

Kijana alinipokea kwa adabu. "Karibu dada angu." Akauliza namba ya chesisi kabla hata ya kutaja bei, akaitazama mota yangu, akasema kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha. Na kweli zilikuwa zimekwisha! Mtu anayeijua kazi yake hivyo utamshuku kwa lipi? Akatoa nyingine, inang'aa, inanuka petroli. Akagusisha nyaya mbili kwenye betri iliyokuwa sakafuni, akanielekezea usoni. Ilipuliza, wallahi, mpaka mtandio ukaniruka begani. Sekunde tatu, nne, akachomoa. "Nikiiacha itaungua dada, haijafungwa kwenye gari." Nikaitikia. Nikahesabu noti moja moja mbele yake, akanirudishia elfu tano ya nauli, nami nikamwombea dua biashara yake ikue. Hiyo dua inaniuma kuliko pesa.

Siku ya tatu niko na mama barabara ya Morogoro, mvua kubwa. Feni ikaanza kupiga mluzi, ikakwaruza, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, kimya. Vioo vyote vikajaa ukungu. Sioni mbele, lori linanipigia honi nyuma, mama anasoma Ayatul Kursiy. Nilisogea pembeni nikalia.

Fundi kaifungua: bushi zinazoshika ekseli zimelika, zimesindiliwa grisi zisipige kelele mbele ya mteja, kaboni zimebaki kama punje ya mchele. Mota ikizunguka kwa taabu hivyo inavuta umeme mwingi, ndiyo maana soketi imeyeyuka na rizista ya spidi imekufa nayo. Gharama nyingine hiyo!

Nimemrudia yule muuzaji. "Vitu vya umeme havirudishwi." Risiti kaandika "spea" tu, basi. Mama yangu angekufa barabarani kwa ajili ya grisi ya huyu mtu! Afungiwe duka, awekwe ndani, alipe kila aliyemwuzia. Kesho nakwenda polisi na mota mkononi, na FCC, Tume ya Ushindani, nitafika.

Mnaokwenda kununua, muuzaji akikataa kuiacha izunguke hata dakika kumi, ondokeni. Shikeni ekseli muitikise, ikicheza si nzima. Petroli na grisi mbichi nazo zingenishtua mapema. Kuna na kupima ampea, yaani umeme inaovuta, hilo mwachieni fundi, nendeni naye. Mimi nilimwacha gereji nikijua nitarudi baada ya saa moja.

Laki na ishirini yangu nitaidai kila siku pale mlangoni kwake mpaka ailipe.