Prosesa ipi uiwekee OptiPlex 7010 yako

Dell OptiPlex 7010, ile ya mezani iliyotoka 2012, bado ipo kwenye ofisi nyingi na maduka ya kompyuta zilizotumika. Nyingi zinalaumiwa kuwa nzito kwa kufanya kazi, kumbe kosa si la prosesa. Kama diski yako ni ile ya kuzunguka, pesa ya kwanza ipeleke kwenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), kisha turudi hapa.

Chaguo langu la kwanza ni Core i7-3770. Ina viini vinne na nyuzi nane (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja), GHz 3.4 ikipanda hadi 3.9, na inakula wati 77 kama i5-3470, hivyo feni na pawa saplai uliyonayo vinatosha. Anayehariri video ataiona tofauti.

Ya pili ni hiyo i5-3470. Kwa Excel na brauza, mtu aliyetoka kwenye Pentium hatadai zaidi.

Ya tatu, i7-2600 ya 2011, wati 95. Ningeitupa mkiani, ila mwenye OptiPlex 790 au 990 ndiyo tegemeo lake: soketi ni ileile LGA 1155, lakini BIOS yake (programu ya kuwashia mashine) haipokei kizazi cha tatu, yaani i7-3770 na i5-3470.

i7-3770K achana nayo. K unailipia kwa kuongeza kasi, na bodi hii hairuhusu. Xeon E3-1240 v2 nayo haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Bila kadi ya picha utakodolea macho skrini nyeusi.

Dukani usikubali neno "i7" tupu, soma maandishi kwenye kifuniko cha chuma. Mimi nilifika nyumbani ndipo nikaona T mwishoni: 3770T, GHz 2.5. Si mbovu, lakini siyo niliyoilipia. Na jua mapema kwamba hakuna hata moja kati ya hizi inayotambuliwa rasmi na Windows 11.

Kwenye kufunga, pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na zinapinda kwa kuguswa tu. Linganisha pembetatu ndogo ya kona, ishushe ikiwa imelala sawasawa bila kuisukuma, ndipo ushushe mkono wa chuma. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, na skrubu za kipoza joto kaza kidogo kidogo kwa kukingamanisha. Ukiwasha, bonyeza F2 usome jina la prosesa kabla hujarudisha ubavu wa kasha.