Fonti ya Raleway nyembamba: kwenye vichwa vikubwa ni noma, ila kaa macho na namba zake

Naitumia sana Raleway kwenye mialiko, logo na mabango, hasa ule uzito (yaani unene wa mistari ya herufi) wake mwembamba kabisa wa 100, na kwa urembo kiukweli sina neno. Ilivyotoka 2010 kwa mkono wa Matt McInerney ilikuwa na huo uzito mwembamba peke yake, baadae 2012 Pablo Impallari na Rodrigo Fuenzalida wakaipanua ikawa na uzito tisa, hadi ule mnene wa 900. Na ni ya bure, unaiweka hata kwenye kazi ya mteja bila kumlipa mtu.

Andika jina la mtu kwa herufi kubwa, saizi 60 kwenda juu, achanisha herufi kidogo, aisee inatulia. Ile W yake ambayo mistari ya katikati inapishana kama mkasi mi naipenda, kuna wateja hawataki hata kuiona lakini.

Sasa ishushe saizi uone. Ukifika 12 kwenye skrini ya kawaida unene wa mstari haufikii hata pikseli moja, skrini inaishia kuuchora kijivu, yaani wewe umeweka nyeusi tii msomaji anaona kitu kimefifia, na ndo maana mtu anakubali kazi akiwa kwenye simu yake kali yenye pikseli zilizobanana halafu ikienda kwenye projekta anakuuliza maandishi yako wapi. Kuchapa nako usiseme, hasa herufi nyeupe juu ya nyeusi, wino unatanuka kidogo tu unaumeza mstari. Kuna kadi zangu zilirudi toka kwa wachapaji jina la bibi harusi limekatika vipande vipande.

Kero yangu kubwa ni namba. Za kwenye Raleway zimetengenezwa kwa mtindo wa zamani, 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari wa kuandikia, 6 na 8 zinapanda juu, halafu 0, 1 na 2 zinabaki fupi kama herufi ndogo, sifuri ukiitazama haraka unasoma o. Ndani ya aya inapendeza, ila kwenye namba ya simu au bei ni vurugu tupu (mteja anadhani umekosea kupanga). Dawa ipo, namba zenye kimo kimoja zimo humohumo ndani ya fonti, kwenye tovuti unaandika font-variant-numeric: lining-nums, kwenye programu za kudizaini zitafute kwenye mipangilio ya OpenType (sehemu ya kuwasha maumbo ya ziada ya fonti), ila programu zingine za bure hazina hiyo sehemu kabisa, hapo mi namba naziandika kwa fonti nyingine, Montserrat, na hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo jina 100, maelezo 400, chini ya saizi 14 sigusi uzito mwembamba hata mteja alie. Nyota nne.